Shahidi wa Chini ya Maji

Tegeta, Dar es Salaam
12 Agosti 2024, mwezi wa Safar 1446

Binti yangu Yasmini,

Assalaam alaykum. Miili yetu ni mizima, alhamdulillahi, na yaliyo ndani ya miili anayajua aliyeiumba. Barua hii nimeikabidhi kwa kondakta wa basi la Mtwara, kwa sababu haya ninayokuandikia si ya kusemwa kwa simu huku mmoja yuko sokoni na mwingine anasubiri kivuko.

Tangu Nassibu alipozama huko kwenu, tarehe ishirini ya mwezi uliopita, nyumba hii haijui ikae vipi. Si matanga, si salama. Msimamizi wake ametuandikia kwamba mwanangu alishuka kukagua bomba la gesi, kwamba mkondo ulibadilika ghafla, na kwamba kamba yake ilipovutwa juu ilikutwa imefunguliwa, haikukatika. Mama yako mkubwa Somoe ameshikilia neno hilo moja tu. "Maiti hafungui fundo," anasema. Anaamini kuna meli imemwokota, na kwamba yuko bandari fulani ya mbali ambako hawaelewi Kiswahili.

Mkwe wetu Rukaiya hasemi hivyo wala vingine. Hunijia barazani baada ya alasiri, akaweka kikombe cha kahawa, akauliza, "Baba, mie ni nani sasa, mke au mjane?" Nimesomesha sheria za ndoa na mirathi tangu wewe hujazaliwa, na bado sijamjibu. Mtu aliyepotea huhesabiwa yu hai mpaka mauti yake yathibitike, kwa maana uhai wake ulikuwa yakini, na yakini haiondolewi na shaka. Bila uthibitisho, mke hakai eda, hawezi kuolewa, na aliyepotea hasaliwi. Anabaki kama mlango ulioegeshwa.

Wewe tulikulea hapa baada ya ndugu yangu, baba yako, kufariki, na Nassibu alikuwa kaka yako kuliko binamu. Nasikia kazi yako ni kuendesha roboti inayokwenda chini ya bahari. Vijana wa hapa wananiambia roboti ni mtu wa chuma mwenye macho mekundu, nami sitaki kujenga juu ya maneno ya vijana. Nieleze kitu hicho ni nini, kinafanya nini, na kama kinaweza kumtafuta mwanangu.

Wako katika dua,
Mudathir bin Khalfani


Mtwara
25 Agosti 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kituo cha mabasi, kisha nikaisoma tena nyumbani. Nisamehe kwa kutokuja Tegeta mpaka leo. Kila nikifunga begi, nawaza nitamtazama vipi Mama Mkubwa.

Roboti si mtu wa chuma, Baba Mkubwa. Ni mashine inayohisi kilicho mbele yake na kutenda, ama kwa amri iliyopangiwa mapema, ama kwa mkono wa mtu anayeiongoza kutoka mbali. Ziko za namna nyingi, na umbo la kila moja limefuata kazi yake. Viwandani kuna mkono mtupu, hauna kichwa wala miguu, umefungwa sakafuni, nao huunganisha vyuma vya magari mchana kutwa. Kwenye maghala makubwa ya ng'ambo kuna zilizo bapa kama sinia, zinaingia chini ya rafu na kuibeba hadi kwa mfungaji mizigo. Huku kusini utaziona zinazoruka, zinapulizia dawa mikorosho, na mkulima amesimama pembeni na kitufe. Katika hospitali kubwa za nje zipo za upasuaji: vidole vyake ni vyembamba kuliko vya binadamu na havitetemeki, ila daktari ndiye anayeviendesha akiwa ameketi kando. Zipo za kutegua mabomu, na ipo hata ya kufagia, inazunguka chini ya meza za ofisi yetu na kugonga miguu ya watu.

Ya kwetu ni ya majini. Ukubwa wake ni kama wa jiko la gesi la nyumbani, ina taa, kamera, panga za kujisukumia na mkono mmoja mdogo wa kushikia. Imefungwa waya mrefu unaopanda hadi melini, na kupitia waya huo mimi naona inachoona. Mwenzangu Albano, kijana wa Masasi anayeshughulikia waya, aliipa jina la Mbuzi, kwa kuwa imefungwa kamba na bado inataka kwenda inakotaka.

Nassibu alikuwa akiitania sana. Mwezi wa sita alikuja kula kwangu, akasema, "Wewe na Mbuzi wako mnataka kunipokonya mkate." Nikamwambia, "Mbuzi hapumui, kaka, wala haombi likizo." Akajibu, "Wala hajui kuswali safarini. Mwache abaki mbuzi." Kwa kweli kampuni hutuma watu penye kina kidogo na Mbuzi penye kina kirefu. Alipopotelea Nassibu, ukingo uko karibu sana: hatua chache baharini, na chini inaporomoka.

Nimeomba ruhusa. Tutakapokwenda kukagua bomba mwishoni mwa Septemba, meneja ametukubalia kuteremka ukingoni.

Mwanao,
Yasmini


Tegeta
8 Septemba 2024

Yasmini, binti yangu,

Barua yako niliisoma kwa sauti sebuleni. Jina la Mbuzi lilimchekesha mama yako mkubwa, naye alikuwa hajacheka tangu Julai. Kisha akauliza kama Mbuzi huogopa giza. Nikamwambia hajaumbiwa hofu. Akasema, "Basi heri yeye atangulie."

Nilikaa na masheikh wenzangu wa Kinondoni tukalizungumza suala hili, kwa kuwa si dogo. Mmoja alisema picha ya mashine si ushahidi, kwa sababu mashine haina dhima, haiapi, na haitasimamishwa Siku ya Hesabu. Nami nikamuuliza: ile inayopasua wagonjwa, mgonjwa akifa mezani, nani anaulizwa? Akasema, "Daktari." Nikamwambia, basi na hii ya majini, anayeona ni yule anayetazama kioo. Mimi huona mwezi mwandamo kwa miwani, na hakuna aliyewahi kusema kwamba miwani ndiyo iliyofunga Ramadhani. Tukakubaliana hivi: roboti ni chombo, na wewe ndiwe shahidi.

Kwa hiyo fahamu uzito wa ninachokuomba. Ukiona, useme umeona. Usipoona, useme hukuona. Neno lako ndilo litakalomfanya Rukaiya mjane au limwache mke, na kwa neno lako ama tutamsalia Nassibu ama tutaendelea kumngoja.

Mama yako mkubwa anakuletea kashata ndani ya kopo la maziwa. Usimgawie mbuzi.

Mudathir bin Khalfani


Mtwara
2 Oktoba 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Tumekwenda na tumerudi. Mbuzi ameshuka siku mbili ukingoni. Maji yalikuwa na vumbi la matope kwa sababu ya mkondo, na taa haziangazi mbali. Hatukuona kitu.

Kashata zimefika. Mwambie Mama Mkubwa Albano amekula nyingi kuliko mimi.

Uliniuliza habari za roboti, sasa nikueleze na nyingine. Kuna nchi ambako wazee ni wengi kuliko vijana, na huko zimetengenezwa za kumwinua mgonjwa kitandani. Nyingine ina manyoya kama mnyama mdogo. Bibi aliyebaki peke yake huipakata, nayo hutikisa mkia anapoipapasa. Wanasema wazee wanalala vizuri zaidi. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Nimepewa mapumziko ya siku chache kwa sababu macho yananiuma.

Niombee.
Yasmini


Tegeta
20 Oktoba 2024

Yasmini,

Neno lako limefika, nasi tumelipokea kama neno la shahidi. Allah akulipe kwa taabu yako.

Nimemwita Rukaiya mbele ya mama yako mkubwa nikamweleza kwamba hakuna uthibitisho wa mauti. Kwa hiyo yeye bado ni mke wa Nassibu, na kauli niliyoichukua miongoni mwa kauli za wanavyuoni ni kwamba asubiri miaka minne kabla jambo lake halijaangaliwa upya. Aliinamisha kichwa akasema, "Nimesikia, Baba." Ana umri wa miaka ishirini na sita. Nilitamani anibishie.

Juma lililopita kaka yake alikuja kutoka Kilwa kumchukua. Mtu mwema, lakini ulimi wake hauna breki. Akamwambia, "Unamsubiri nani humu, samaki?" Rukaiya akamjibu akiwa anachambua mchele, "Kaka, mkeo akienda saluni unampigia simu mara tatu. Mie wangu kaenda baharini, niondoke hata hajarudi?" Mama yako mkubwa akapiga makofi. Kaka mtu alikunywa chai akaondoka, na alipofika getini alifuta macho kwa kofia yake.

Somoe amenikataza kumtaja Nassibu kwa neno "marehemu", hata kwa kuteleza. Katika dua zake humwombea arejee. Nami husema amin, kwa sababu umesema hukuona.

Mudathir bin Khalfani


Tegeta
6 Januari 2025, mwezi wa Rajab 1446

Yasmini, binti yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yako mkubwa Somoe ametutoka Ijumaa iliyopita, baada ya adhuhuri. Ulipigiwa simu na hukupokea, na nasikia ulikuwa baharini. Tumemzika Jumamosi asubuhi hapa Tegeta, karibu na mama yake. Waliomwosha ni Rukaiya na wanawake mliosoma nao.

Alikuwa na shinikizo la damu muda mrefu, kwa hiyo hatusemi kwamba ameuawa na huzuni. Ajali yake, siku aliyoandikiwa, ilikuwa imefika. Lakini nitakueleza saa yake ya mwisho, maana nawe ni mwanawe. Nilimlakinia shahada akaitamka sawasawa. Kisha akanigeukia akasema, "Baba Nassibu, akija usimwambie kwamba nimengoja sana. Ataona vibaya." Hakusema tena.

Sasa tumebaki wawili katika nyumba hii, mzee na mke wa asiyekuwepo. Mimi nipo katika msiba, naye haruhusiwi msiba wake.

Njoo ukipata ruhusa.
Mudathir bin Khalfani


Mtwara
19 Januari 2025

Baba Mkubwa,

Sina uso wa kukuamkia, lakini shikamoo.

Tulimwona. Siku ya kwanza, tarehe ishirini na nane Septemba. Mbuzi alikuwa ameteremka ukingoni, vumbi likatulia kidogo, na taa ikaangukia goti. Kulikuwa na kiraka cha mpira wa baiskeli kwenye goti la kulia la nguo yake ya kupigia mbizi. Utakumbuka alikibandika barazani kwako siku ya Idi, ukamgombeza kwamba harufu ya gundi inashinda ya udi. Albano akaniuliza, "Ndiye?" Nikaitikia kwa kichwa. Akafanya ishara ya msalaba, akanyoosha mkono akazima kamera ya kurekodi bila kuniuliza.

Alikuwa amenaswa chini ya mwamba, na mkanda wa uzito bado kiunoni. Nadhani kamba aliifungua mwenyewe ili ajinasue. Nilijaribu kumtoa kwa mkono wa Mbuzi. Mkono ule umetengenezwa kushika vyuma, Baba Mkubwa. Nilijaribu mara moja, kisha nikauondoa na sikurudia. Kilichotokea sitakiandika.

Nilirudi chumbani kwangu melini nikakumbuka darasa lako la kuosha maiti, tulipokuwa wasichana kumi na kitu na tunacheka kwa woga. Ulitunyamazisha ukasema: muoshaji ni mwaminifu wa maiti. Alichokiona kwenye ubao ule kizikwe pamoja na maiti, asikitoe hata kwa mama wa marehemu, na atakayemsitiri Mwislamu Allah atamsitiri. Nikasema basi, Nassibu hakupata wa kumwosha ila mimi. Hakupata maji ila yale. Macho yangu ndiyo yaliyomfikia, basi niyazuie. Nikaandika "Hatukuona kitu," nikajiona nimetimiza amana.

Uliponieleza kuhusu miaka minne, nilichukua kalamu. Nikawaza: nikisema nimemwona, Mama Mkubwa ataniuliza alikuwaje, na mimi siwezi kumdanganya yeye akiwa amenikazia macho. Nikaahirisha. Sasa hayupo wa kuniuliza.

Ninaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba niliyemwona ni Nassibu bin Mudathir na kwamba amekufa. Albano naye yuko tayari kuja kusema mbele yako alichokiona. Unihukumu utakavyo.

Yasmini


Tegeta
9 Februari 2025, mwezi wa Shaaban 1446

Yasmini,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza hasira ipite, na haikuwa na haraka.

Ushahidi wako nimeupokea, na wa Albano nimeusikia kwa simu mbele ya wenzangu. Kijana yule alieleza kwa heshima, na kiraka alikitaja mwenyewe. Ijumaa tumemsalia Nassibu sala ya ghaibu, safu zikafika hadi barabarani. Bahari imekwisha kumzika, nasi tumetimiza yaliyobaki juu yetu.

Sikulaumu kwa ulichokisitiri. Yale ya mkono wa mashine usiniandikie kamwe, wala usimwambie yeyote. Hapo uliifahamu elimu vizuri. Lakini muoshaji, mwanangu, hufika baada ya watu kujua kwamba pana maiti. Mlango wa chumba cha kuoshea hufungwa, na nje ya mlango kila mtu anajua kilichomo. Wewe ulifunga mlango, sisi tukabaki nje tukidhani chumba kitupu. Ungetuandikia, "Amekufa, na zaidi ya hapo msiniulize," ungekuwa shahidi na muoshaji kwa pamoja. Ulikuwa na haki ya kuficha sura yake. Mauti yake yalikuwa haki yetu.

Somoe alimwombea mwanawe arejee hadi pumzi ya mwisho. Miezi mitatu ya dua ya mama, na hakuna hata moja iliyosema "Mola mrehemu." Najua Mwenyezi Mungu huipokea dua akaigeuza kuwa ile inayofaa zaidi. Najua, na usiku najikumbusha kwamba najua.

Lililonielemea zaidi ni la Rukaiya. Eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ya mauti, si tangu siku ya habari. Miezi minne na siku kumi, kuanzia Julai, ilikwisha mwezi wa Novemba. Kwa hiyo nilipomwita kumpa habari ilinibidi nimwambie mambo mawili kwa pamoja: kwamba ni mjane, na kwamba eda yake imekwisha na yuko huru. Kisha akauliza, "Ilikwisha nikiwa wapi, Baba?"

Nilimsomea maandiko. Maandiko ni sahihi, na sikuwa na lingine mkononi.

Nimekusamehe, Yasmini, na nimemwomba Mola akusamehe. Kumwomba Rukaiya ni juu yako.

Baba yako mkubwa,
Mudathir bin Khalfani


Tegeta
2 Machi 2025

Wifi Yasmini,

Barua yako ya kuomba radhi imefika. Mie si mwandishi kama nyie, nitasema kifupi.

Baba anasema sina dhambi kwa sababu sikujua. Nimemwelewa. Lakini wifi, unajua nilivyokaa tangu Julai? Mama Somoe, Mungu amrehemu, aliniambia mume akitoka baharini asimkute mkewe kachakaa. Basi kila Alhamisi nilikuwa napaka hina, navaa dera safi, nachoma udi, nasuka nywele. Mjane hakatazwi nini katika hayo? Mie nimeyafanya yote, kila wiki, eda nzima. Siku ilipokwisha huko Novemba pengine nilikuwa najitazama kwenye kioo.

Sina hasira na wewe kama unavyodhani. Nina hasira na ile sentensi yako, maana niliishi ndani yake. Kukusamehe nitakusamehe, ila si leo, na usinihimize.

Kaka alitaka kuja Jumamosi kunipeleka Kilwa. Tayari nyumbani wanataja majina ya watu, wanasema nipo huru. Nimempigia nikamwambia asije kwanza. Baba ameniuliza nasubiri nini tena, wakati sheria hainidai kitu. Nikamwonyesha mikono tu. Ameitazama, akavua miwani, akatoka barazani.

Hina haitoki kwenye kucha mpaka kucha yenyewe ikue. Nimevua bangili, nimekaa chumbani, na kila zikikua kidogo nazikata. Hina ikiisha ndiyo nitatoka. Leo mkono wa kulia hina imetoka robo. Wa kushoto haijafika hata hapo.

Rukaiya